Nilivyofuata Kikapu Changu Kisarawe

Uvumilivu wangu uliisha Jumatatu asubuhi, mbele ya ukuta wa darasa letu la elimu ya watu wazima pale Maili Moja, mwanangu Zuhura akiwa mgongoni. Gazeti la wilaya lilikuwa limebandikwa, na ndani yake makala yangu, jina langu chini, mara ya kwanza maishani. Akina mama niliowafundisha kusoma mimi mwenyewe walikuwa wanaisoma kwa sauti huku wakiangua kicheko.

"Mwalimu," alisema Mama Shabani, "mpira wa pete unadundishwa tangu lini? Au ndivyo mlivyofundishwa sekondari?"

Nikasogea. Mimi niliandika juu ya mpira wa kikapu. Kila nilipoandika kikapu, mtu alikuwa ameweka pete. Kila mahali!

Kwenye pete ukidaka mpira unasimama. Kila mchezaji ana eneo lake, akivuka ni kosa. Kwenye kikapu unakwenda popote uwanjani, kwa sharti moja: uuachie mpira uende chini, urudi, uuachie tena. Ukiukumbatia ukatembea nao, umekosea. Hoja yangu yote ilisimama hapo. Niliuliza, mpira ni wa nani ukiwa kati ya mkono na ardhi? Nikajibu kwamba hakuna aliyeushika, na bado ni mimi ninayekwenda nao. Basi kuwa na kitu na kukishikilia ni mambo mawili. Swali hilo nililibeba tangu uwanja wa saruji wa shuleni, nikaolewa nalo, nikazaa nalo. Sasa weka pete hapo uone. Mwandishi ni mwendawazimu.

Jumanne alfajiri nilipanda lori la mihogo, kumfuata afisa wa gazeti huko Kisarawe, wilaya yetu ya siku hizo. Baba Zuhura alinisindikiza hadi barabarani.

"Usiende kugombana."

"Siendi kugombana. Nakwenda kushinda."

Lori liliniacha Ubungo, nikatafuta basi la Kisarawe. Baada ya Pugu barabara ilianza kupanda, msitu huku na huku, basi likaguna hadi konda akatuomba tushuke tutembee. Nilipanda kilima kile na mtoto mgongoni, nikimsomea afisa hotuba kwa sauti. Abiria wenzangu walinipisha.

Saa nane mchana nilifika kwa shangazi yake Baba Zuhura. Alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna. Nimefuata mpira."

Akanitazama, akamtazama mtoto. "Mpira! Nyumbani ugali umekwisha?" Nikamweleza yote, mpaka lile swali la mkono na ardhi. Hakusimamisha ungo. "Kwani mimi hapa nafanya nini? Nauachia, unarudi. Ningeushikilia ungekula pumba leo." Kisha akacheka. "Na hiyo ndiyo uliyoendea sekondari?"

Jumatano saa mbili nilikuwa ofisini, makao makuu ya wilaya. Afisa aliyesimamia gazeti alikuwa kijana wa rika langu. Alinipa kiti, na hakukataa kitu.

"Ni mimi, ndugu. Wanawake wanacheza pete. Niliona umekosea jina la mchezo, nikakusaidia."

"Ulisoma makala?"

"Niliipitia."

"Basi simama, ndugu. Nioneshe mchezaji wa pete anavyotembea na mpira."

Alisimama kweli, mikono mbele, akanyanyua mguu, akaganda. Karani wa dirishani akainamisha uso kuficha kicheko.

"Mama, haya ni mambo madogo. Taifa lina kazi."

"Kama ni madogo, mbona uliyagusa?"

Akasema malalamiko yaletwe kwa maandishi. Nikamwomba karani karatasi na kaboni, nikaandika palepale Zuhura akivuta kalamu. Sikuondoka hadi nakala yangu ilipogongwa muhuri.

Alhamisi, basi likiteremka kuelekea Pugu, ndipo liliponiingia: akina mama wale walicheka kwa sababu walisoma vizuri. Waliliona kosa ambalo ofisi nzima haikuliona. Nilikuwa nimewakasirikia bure. Jioni Mama Shabani mwenyewe alishika gundi, tukaibandika nakala juu ya ile makala iliyoharibiwa:

"Ndugu Afisa,

YAH: KUBADILISHWA KWA MAKALA YANGU

Nalalamika rasmi kwamba uliondoa mchezo nilioandika ukaweka mwingine, bila kuniuliza, kwa sababu mimi ni mwanamke. Hukusahihisha neno. Uliniweka kwenye eneo ukanikataza kuvuka. Sitaki kuombwa radhi. Nataka makala ichapishwe upya kama nilivyoiandika, kikapu mahali pa kikapu. Na kama ofisi yako haikubaliani na fikra zangu, iandike kunijibu, na anayejibu aweke jina lake chini, kama mimi nilivyoweka langu.

Mama Zuhura,
Mwalimu wa kujitolea, Maili Moja."