Pima Maji Juu ya Boneti

Mimi niliomba shokapu laini. Naanza hapo kwa sababu mume wangu akisimulia habari hii huanzia kwenye harusi, watu walipomcheka, kama vile kabla ya hapo hakukuwa na kitu.

Binti yetu alizaliwa na mguu wa kushoto umepinda, unyayo unatazama ndani. Siku ya tatu mama mkwe alifunua kitenge, akamtazama, akamfunika. "Kwetu hatuzai hivi," akasema, halafu akaomba chai. Kule Kasulu hospitali walituambia mguu utanyooka. Kila Alhamisi unavutwa kidogo na kufungwa hogo, gamba gumu la plasta, kutoka vidoleni hadi pajani. Alhamisi inayofuata hogo linakatwa, unavutwa tena, linafungwa jingine. Mahogo sita au saba, basi. Ila msiruke wiki, alisema yule baba mfungaji wa mahogo, mkiruka mguu unarudi ulikotoka.

Sisi tunakaa mlimani, juu ya Kibondo mjini. Gari tulikuwa nalo, kigari cha kubeba abiria wa kambi ya Nduta, shokapu zote nne zimekufa. Kila shimo liliingia kwenye hogo, na mtoto wa miezi miwili hana namna ya kujishikilia. Alilia kutoka kwetu mpaka Kasulu, na kurudi. Nikamwambia mume wangu, "Baba mtoto, weka shokapu nyingine. Laini. Huyu anaumia."

Akaleta koilova. Kaka yake alizitoa kwenye gari lililopata ajali huko Dar, akazituma kwa basi. Ni shokapu na springi vilivyoungana kuwa kitu kimoja, vimepakwa rangi nyekundu, na chini ya springi kuna ringi mbili za kuzungusha ili gari lipande au lishuke. Ni za kushusha gari liwe chini kama la mashindano. Ngumu kama benchi la shule. Nilibonyeza moja kwa mikono miwili, haikutikisika.

"Hizi ndizo laini?"

"Utaelewa nini wewe. Jumamosi kuna msafara wa harusi, gari itasimama mbele."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi mtapanda gari mpya."

Alianza Jumatano asubuhi, hapo uani, jeki moja na mawe. Fundi hakutaka, eti fundi atamwibia ujuzi. Juu ya kila shokapu kuna nati tatu, chini boliti mbili. Za juu zilitoka. Moja ya chini, nyuma kulia, ilikuwa imeshikana na kutu tangu gari lilipokuja nchini. Akamwagia dizeli, akapiga nyundo, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, bado. Akaniita nisimame juu ya bomba. Nikasimama, nimeshika paa la gari, nikaruka mara mbili, boliti ikalia ikaachia.

"Leo uzito wako umepata kazi," akasema. Mama yake, pale barazani, akacheka mpaka akakohoa.

Mpaka jua linazama lilikuwa limefungwa gurudumu moja. Alhamisi asubuhi gari liko juu ya mawe, yeye yuko chini yake, mvua inanyesha. Basi la asubuhi lilikuwa limeshapita kwetu. Nikambeba mtoto, nikapanda bodaboda hadi stendi, mwavuli ukageuzwa na upepo njiani. Plasta na maji havipatani. Nilipofika Kasulu hogo lilikuwa limelegea kama uji uliopoa.

"Mama, hili umelifua?" mfungaji akaniuliza, mbele ya wamama wote kwenye benchi. Akalikata. "Mguu umeteleza humo ndani. Wiki hii ihesabu kama haikuwepo." Akafunga jingine.

Nilirudi alasiri. Gari lilikuwa chini kwa magurudumu yote, limelala karibu na udongo. Mume wangu alikuwa ameazima pima maji ya fundi mwashi anayejenga kwa jirani, ile ya mbao yenye kichupa cha maji na povu katikati. Ameilaza juu ya boneti, kulia kwenda kushoto. Anainama, anazungusha ringi ya kushoto kwa spana ya ndoano, anainuka, anatazama povu.

"Njoo uone, mama mtoto. Katikati kabisa. Hata waliolitengeneza hawakupima hivi."

Hakuniuliza hogo limekuwaje.

Nikatazama povu. Kweli lilikuwa katikati. Kisha nikatazama uwanja. Uwanja huo ndipo ninapofulia nepi kila siku, na kila siku namwaga maji upande wa jikoni, nayo yanapita pale gari liliposimama, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka kwenye migomba. Hayajawahi kwenda upande mwingine. Tumejenga mlimani, hakuna uwanja uliolala sawa mtaa mzima. Alikuwa amelinyanyua gari upande wa kushoto kufidia mteremko wa ua wetu. Likitoka hapo likasimama kwenye lami, litalalia kulia, na kulia ndiko anakokaa dereva.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, Fizikia niliipenda. Sentensi moja tu ingetosha kumzuia.

Nikasema, "Limekaa vizuri."

Jumamosi nilishuka mjini makusudi, mtoto mgongoni. Magari ya harusi yalikuwa yamejipanga kwenye lami, yana maua na riboni. La kwetu lilikuwa la pili, limeinamia kulia kama mtu mwenye jipu. Yeye alipokaa kwenye usukani likainama zaidi. Madereva wenzake walikuwa wamelizunguka.

"Mkuu, gari imepigwa kiharusi?"

"Hapana, inachechemea," mwingine akasema. "Imerithi kwa binti yake."

Wakacheka. Nilikuwa nyuma yao, hatua kumi hivi. Nilimwona mume wangu kupitia dirishani. Na yeye alicheka. Hakucheka kwa aibu, alicheka akapiga usukani. Akasema, "Angalau hii ina ringi za kurekebisha."

Nilirudi kwa miguu, mlima wote.

Jumapili alishinda siku nzima akilizunguka lile gari uani. Pima maji ileile, povu lilelile katikati. Nikamwacha azunguke mpaka achoke. Halafu nikachukua beseni la maji ya nepi, nikayamwaga mbele ya miguu yake. Akayatazama yakipita chini ya gari kwenda kwenye migomba.

Akaiweka pima maji chini.

"Ulijua?"

"Tangu Alhamisi."

"Ukanyamaza, mke wangu. Nikaenda kuchekwa."

"Mbona na wewe ulicheka."

Mama yake akasema mwanamke wa namna hii hata wanyama hawamtaki. Nikamjibu nina bahati basi, nimeolewa kwake.

Jumatatu akaanza kuzirudisha ringi za kushoto. Zikagoma. Tope la msafara lilikuwa limekaukia kwenye nyuzi zake, ile mikato zinamozungukia, na alikuwa amezikaza kwa nguvu zake zote. Jumatano akatoa magurudumu yote mawili ya kushoto, akaingia na patasi na nyundo. Jioni akasema bila kunitazama, "Kesho saa kumi na mbili nawapeleka mwenyewe."

Alhamisi saa kumi na mbili nilikuwa nimeketi kwenye kigoda mlangoni, mtoto amevaa, mkoba tayari. Yeye alikuwa chini ya gari. Hakukuwa na mvua, anga safi. Basi la Kasulu hupita barabarani kwetu saa moja, linapiga honi kwenye kona. Ningeweza kushuka kwa dakika tano. Nilijua. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeanza kuzama ndani ya hogo, nilikuwa nimeviona tangu jana, na nilijua maana yake: mguu unateleza tena.

Sikuondoka. Nilitaka ashindwe mbele ya macho yangu.

Mama mkwe akatoka, akanitazama, akamtazama mwanawe. "Nenda na basi, mkwe wangu," akasema taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mtoto hana kosa."

"Baba yake kasema atampeleka."

"Nipe mimi, nimpeleke."

Nikamkumbatia mtoto zaidi. Honi ikalia kwenye kona. Nyundo ikanyamaza chini ya gari, mume wangu akatoa kichwa, uso mwekundu kwa udongo, akanitazama nilivyokaa. Basi likapita. Tulisikia linavyobadilisha gia kwenye mteremko. Alirudisha kichwa, akaendelea kugonga.

Alimaliza saa tano. Kliniki inafungwa saa sita.

Wiki iliyofuata alitupeleka. Gari lilikuwa sawa, halikuinama popote, na lilikuwa gumu vilevile, mtoto alilia kama zamani. Mfungaji alikata hogo, akaushika mguu, akaugeuza taratibu. Unyayo ulikuwa unatazama ndani. Juu ya kisigino kulikuwa na kidonda.

"Tunaanza upya, hogo la kwanza," akasema. "Wiki iliyopita mlikuwa wapi?"

Mume wangu alinigeukia, akangoja. Alikuwa amenipa nafasi yote.

"Gari lilikuwa bovu," nikasema.

Mfungaji akaandika hivyo kwenye kadi. Kisha akalowesha plasta, akaniambia nimshike mtoto magoti, akaanza kuvuta.