Blanketi Lililotazama Ukuta

Wivu haubishi hodi. Huingia na viatu vyake vya matope na kuketi kwenye kiti kizuri. Kwa Mama Mafundo uliingia siku ile mke wa shemeji yake, yule mwanamke waliyemwita Chapuchapu, alipoteremsha kwenye mkokoteni sanduku la bati, jembamba na refu kama jeneza la chatu.

Ndani mlikuwa na mashine ya kufumia, ya nyumbani, ya zamani, aliyoachiwa na mama mmoja mzee aliyechoka macho. Chapuchapu aliibana kwenye ukingo wa meza kwa vibanio viwili, akaipaka mafuta, na nyumba nzima ikanuka karakana.

Sasa mjue Mama Mafundo alikuwa nani. Katika ukoo ule hakuna mtoto aliyeguswa na baridi kabla ya kuguswa na uzi wake. Sindano mbili, vidole kumi na mdomo usiopumzika, hivyo ndivyo alivyofuma. Husemwa aliwahi kumfumia jogoo soksi, na jogoo akanogewa na usingizi hata akasahau kuwika, mtaa mzima ukachelewa kazini. Mimi sikuwepo, lakini soksi moja nimeiona.

Basi akaanza kwenda kwa Chapuchapu, nyumba ya jirani, kuomba chumvi. Chumvi asubuhi, chumvi jioni. Mumewe, fundi wa saa, akamuuliza, "Mama watoto, tunakausha samaki humu ndani?"

"Nyamaza, utengeneze saa zako."

Kumbe fundi wa saa naye alishakwenda kuichungulia mashine, akarudi anaisifia. Ati ina kisaa kidogo kinachohesabu mistari, mfumaji hata akiitwa nje akirudi anajua alipofika. Mama Mafundo alimwekea chakula cha baridi siku ile. Mume kusifia mashine ya mwanamke mwingine, hilo nalo ni neno?

Na mashine yenyewe ilikuwa na mambo. Sindano zimelala safu moja kama meno ya mamba, kila moja na ndoana yake na kiulimi kinachofunguka na kufungika. Juu yake hupita kipande cha chuma chenye mshiko, wenyewe hukiita kigari: ukikisukuma kulia, krrr, mstari umekwisha, ukikirudisha kushoto, krrr, mwingine. Nyuma kuna mlingoti unaoshika uzi juu usilegee. Kuna kigurudumu chenye namba cha kulegeza vitanzi au kuvikaza. Na kuna kadi ngumu zenye matundu, ambazo huziambia sindano ipi ichukue uzi mweupe na ipi wa buluu, mpaka maua yanatokea bila mtu kuyafikiria.

"Bila kufikiria," Mama Mafundo alimwambia mumewe. "Kazi ya kutofikiria hiyo. Ndiyo maana imempata yeye."

Haya yote angeyameza. Asiloweza kumeza lilikuja na binti yake mwenyewe, mja mzito wa mimba ya kwanza, aliyeketi kitandani kwa mama akichezea kishungi cha mto.

"Mama, usichukie. Blanketi la mtoto, lenye ndege, nimemwomba mama mdogo alifume kwa mashine. Vidole vyako vinavimba siku hizi."

"Vinavimba vidole, au nimevimba mimi?"

"Mama."

"Mjukuu wangu wa kwanza avikwe na bati?"

Binti akainama. Mama Mafundo akatoka, akaenda kuomba chumvi.

Akamkuta Chapuchapu anasukuma kigari, jasho puani, na chini ya meza kitambaa kinateremka, kimening'inizwa vizito vya chuma kisipande. Akakitupia jicho. Moyo wake ukapiga kigelegele. Ndege ambao binti aliwataka hawakuwepo. Zilikuwepo nyuzi tupu, nyeupe juu ya buluu, zimekatizana na kulegea kama nywele za mtu aliyeamshwa na moto.

"Inaendelea vizuri, mdogo wangu?" akauliza, sauti imejaa asali.

"Vizuri sana, dada."

"Naona. Naona kabisa."

Mwingine angemshtua mwenzake. Yeye alifunga mdomo pale, akaufungua kila mahali pengine. Kisimani, dukani, hata kwa mshona viatu ambaye hakuuliza. "Chapuchapu anafuma jalala," alisema. "Mtoto ataona aibu kabla hajajua neno aibu."

Akajifungia ndani kufuma blanketi lake la siri, aje kuliokoa jina la ukoo siku ya kumpokea mtoto. Alifuma sufuria ikiungua. Alifuma mumewe akijipikia. Na kila alipokisikia kigari kwa jirani, krrr, alivuta uzi kwa hasira. Krrr, akavuta. Asijue kuwa mkono wenye kinyongo hukaza.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kuita mkokoteni. Ndugu wakajaa chumbani kwa binti. Mama Mafundo aliketi karibu na kitanda, bahasha kubwa ya khaki mapajani, akingoja kama paka mlangoni pa bucha.

Chapuchapu akatoa blanketi lake.

"Kabla hajalikunjua," Mama Mafundo akasema, "nawaombeni msicheke. Kila mtu na kipaji chake."

Likakunjuliwa. Buluu kama anga baada ya mvua, na juu yake ndege weupe, mabawa wazi, wamejipanga safu kwa safu. Chumba kikasema aaa.

"Hao ndege wametoka wapi?" Mama Mafundo akauliza, na hapo sauti haikuwa na asali. "Nililiona kwa macho yangu. Lilikuwa nyuzi tupu."

Chapuchapu akaligeuza. Nyuma, nyuzi zile zile zimekatizana.

"Uliona mgongo, dada. Ukifuma kwa mkono, uso unakutazama wewe. Kwenye mashine, mgongo ndio unaomtazama mfumaji. Uso unatazama ukuta."

Mshona viatu, aliyekuja na mkewe, akakohoa. Nyani haoni kundule, lakini Mama Mafundo alikuwa ameliona la mwenzake na kulitangaza mtaa mzima.

"Na hiyo bahasha, mama watoto?" mumewe akauliza. Mwanamume mpole, lakini alikuwa amekula chakula cha baridi.

Blanketi la siri likatoka. Lilianza pana kama la kiungwana, likaenda likisinyaa, likaishia jembamba na gumu kama mguu wa suruali ya tarishi. Binti aliuma midomo asicheke, na machozi yakamtoka kwa kujizuia.

Mama Mafundo akainuka aondoke.

"Keti, dada," Chapuchapu akasema. Akaliweka lake kitandani, na kingo zikaanza kujikunja zenyewe kama jani kavu. "Mashine haijui ukingo. Nilitaka kukuomba ulizungushie ukingo wewe, kwa mkono. Nikauogopa mdomo wako."

Binti akasema, "Mzungushie, mama. Taratibu."

Mama Mafundo akalipeleka nyumbani. Akalifumua lile jembamba, akaanza kuzungushia uzi wake. Mzunguko mmoja ulitosha, kingo zikalala. Akaongeza wa pili, kwa usalama. Wa tatu, kwa urembo. Krrr ikisikika kwa jirani, anaongeza mwingine, safari hii mkono umelegea, mpaka uzi ukaisha.

Liliporudi, ukingo ulikuwa mpana kuliko mkeka, na ndege wa Chapuchapu wamebaki katikati, kama wanachungulia dirishani.

"Ukingo huu, dada?" Chapuchapu akauliza.

"Baridi ya mwaka huu ni kali," Mama Mafundo akasema, akimfunika mjukuu mpaka kidevuni. "Una chumvi?"