Hindi la Kuchoma Wodini

Mimi shule niliiacha darasa la pili, kule Kenya. Nyumba zangu za kupangisha hapa Kamwokya, Uganda, zimejengwa na mahindi ya kuchoma, kwa hiyo mtu asiniambie sijui kitu.

Miaka ile ya utawala wa jeshi, taya la binti yangu lilivimba, meno yakalegea. Majirani wakasema yang'olewe. Nikampeleka hospitali, nikamkuta daktari kijana, Mganda.

"Daktari wa kizungu yuko wapi?" nikamuuliza.

"Wazungu wameondoka, mama. Ugonjwa haukupanda nao ndege."

Jibu hilo nililipenda. Akanieleza ni saratani ya watoto, imejaa huku kwetu, na sasa madaktari wa hapa ndio wanaoichunguza. Akamdunga dawa. Uvimbe ukanywea, ukanywea, mpaka mtoto akaanza kunisumbua kwa njaa.

Nikadhani tumemalizana. Kumbe bado! Daktari akataka nimrudishe kila mwezi.

"Mtoto amepona, nimrudishe kwa nini?"

"Nijue kama amepona kweli. Usiporudi nitaandika 'sijui', na 'sijui' haimtibu mtoto wa mwenzako."

Basi nikarudi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akanicheka: "Mama, mtoto mnene hivi unampeleka hospitali?"

"Tunakwenda kuonyesha huo unene, afande."

Akatupisha.

Wodini tukamkuta mke wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, anafunga mzigo ili aondoke na mwanawe. Taya la yule mtoto lilikuwa kama la binti yangu siku zile. Daktari alikuwa amemsihi mpaka sauti imekauka.

"Hapa mnachukua damu tu!" mama akasema. "Nani amepona? Nionyesheni!"

Nikatoa hindi kikapuni, nikampa binti yangu. "Kaa hapo kwenye benchi. Tafuna."

Akatafuna. Huyo hana aibu. Wodi nzima ilimsikia.

Mama akasogea, akampapasa binti yangu taya. "Hata wewe ulivimba?"

"Kumshinda huyu," binti akajibu, mdomo umejaa.

Mama akakaa kitako. Baadaye kidogo akaanza kufungua mzigo.

Daktari akanigeukia, nikamwahi: "Usinishukuru. Andika tumekuja."

Miezi ikapita. Siku moja tukafika tukamkuta yule mama ametutangulia kwenye benchi, na mwanawe, shavu limetulia, anaguguna hindi lake mwenyewe. Lilikuwa limeungua upande mmoja. Nikamwambia mama yake kuchoma hajui, akacheka mpaka akajifuta machozi.