Baraza Liliponirudishia Sauti Yangu

Nilikuwa mwimbaji wa harusi kule Michenga, na sisemi hivyo kujisifu. Anayebisha aulize watu. Nikialikwa, kwanza nilikwenda kukaa na mama wa bibi harusi nimchimbe: mtoto alizaliwa wapi, aliugua nini, bibi zake waliitwaje. Ndipo natunga. Wimbo ukifika kati namwita bibi harusi kwa jina lake na majina ya bibi zake, naye anasimama, anakwenda kumkumbatia mama yake, na hapo hata wanaume wanaojifanya wagumu wanatafuta leso. Wimbo huo ulikuwa wa nyumba ile tu. Harusi nyingine, naanza upya.

Katikati ya miaka ya tisini, kwenye harusi moja, mtu akaweka redio kaseti karibu na miguu yangu. Nikadhani anasubiri taarifa ya habari.

Kumbe narekodiwa. Haikupita muda, wimbo ule ukawa unauzwa Mlabani, kwenye kibanda cha kurekodi kanda. Nikaenda nimefura. Mwenye kibanda, baba mzima na familia yake, akaniamkia kwa heshima zote na kunivutia stuli.

"Mama, mimi nimekutangaza. Unasikika mpaka Mang'ula."

"Mang'ula nani kaniita?"

"Si lazima wakuite, mama. Kanda wanayo."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa, na ndiyo maana nilishindwa hata kumtukana.

Na kweli hawakuniita. Mavuno yale harusi zilikuwa nyingi, vigelegele nasikia vya jirani, na mimi niko uani napepeta mchele.

Nikampeleka mwenye kibanda baraza la kata. Wazee wale walikuwa hodari wa kesi za ng'ombe kuingia kwenye mpunga na mipaka ya mashamba. Hujamaliza chai, hukumu imetoka. Yangu ikawakalia vibaya.

"Umeibiwa nini, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Wimbo."

"Kwa hiyo sasa huujui tena?"

"Naujua."

"Na sauti?"

"Si hii unayoisikia, mwenyekiti?"

Akawageukia wenzake: mlalamikaji anavyo vyote anavyodai vimeibwa. Mjumbe mmoja, mwalimu, akasema sheria ya hakimiliki ipo, ila ya zamani, haijazoea mambo ya kanda, na mpya inaandaliwa huko juu. Nikamwambia sheria yenu imepanda treni ya kawaida, kanda imepanda pikipiki. Wakacheka, nikazidi kuchukia. Nikaeleza kwamba majina yaliyomo ni ya watu, huwezi kuyapeleka kwenye nyumba nyingine. Wakasema hilo ni la mila, na mimi nimeleta kesi ya wizi.

Hukumu ikatoka: mali irudishwe kwa mwenyewe. Mwenye kibanda akatoa kanda moja mfukoni, akanikabidhi mbele ya wote, tukapeana mikono. Nikarudi nyumbani na sauti yangu ndani ya mfuko wa nailoni, na kwangu redio sina. Yeye akarudi kibandani kuendelea na kazi.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akamwoza binti yake. Safari hii sikuwa na haja ya kumchimba mtu. Mtoto yule nilimpokea mwenyewe alipozaliwa, mkunga akiwa ng'ambo ya mto uliofurika. Nilimtungia nikiwa napalilia, na nilikuwa na hamu ya kuimba kuliko nilivyowahi kuwa. Siku yenyewe mdogo wangu akanishika mkono, akaniketisha na wakubwa.

"Dada, leo na wewe upumzike. Ule kama wageni wengine."

Walikuwa wameazima redio kubwa. Kanda ikaanza. Iliniuma, sitadanganya. Nikajiambia wacha, ikifika kwenye majina watazima, wataniita.

Ikafika. Sauti yangu ikamwita binti wa watu, ikawataja bibi zake wa Mahenge mmoja mmoja. Hakuna aliyeigusa redio. Mtoto niliyempokea kwa mikono hii akasimama kwa jina lile, akaenda kumkumbatia mama yake, wakalia wote wawili machozi ya kweli. Vigelegele vikapigwa. Mama aliyekaa kando yangu akanigusa bega, akasema leo nimeimba vizuri kuliko siku zote.