Mfuko Uliokataa Kukaa kwa Mavyaa

Nilianza kufuma mifuko mwaka ule mafuriko yalipoikata barabara ya Garsen, shule ninayofundisha ikafungwa, nami nikabaki nyumbani na mume wangu kutwa nzima. Nampenda, lakini mume aliyezoea kukuona jioni, akikuona tangu asubuhi, hugundua mengi. Aligundua kwamba najibizana na redio. Aligundua kwamba sifungi vifuniko vya chupa. Ikabidi nitafute kitu cha kushika mkononi kabla sijashika mwiko.

Sindano ya kroshia, ile yenye ncha iliyopinda kama ndoana, nilikuwa nayo tangu usichana, maana mama yangu hakumruhusu binti kuolewa kabla hajajua kufuma vitambaa vya kochi. Nami nilivifuma mpaka kochi letu likapotea chini yake. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, na kitambaa cha meza kina kitambaa chake juu. Hapakuwa tena na mahali pa kufunika. Kilichobaki ni mfuko, na mfuko ulihitajika kwelikweli, kwa kuwa ile ya plastiki ilipigwa marufuku na hii ya siku hizi inayouzwa dukani hukuchanikia katikati ya soko, vitunguu vikaenda njia zao.

Niliamua kwamba mfuko wangu wa kwanza wa maana utakuwa wa mavyaa, mama wa mume wangu, anayeishi Hewani. Hapo pana historia. Mavyaa ni msusi wa mikeka, na mtu wa mikeka haangalii kazi upande wa mbele. Nilipoolewa nilimpelekea vitambaa vyangu, nikiwa nimesahau kwamba hana kochi. Akavigeuza, akavitazama mgongoni, akasema asante. Nilipokwenda tena nilikuta kimoja kimefunika mtungi wa maji na kingine kimelaliwa na kuku aliyekuwa akiatamia. Hakusema kazi yangu ni mbaya, wala hakusema ni nzuri. Tangu hapo nilikuwa nataka kitu kimoja tu kutoka kwake: akae na kitu nilichomfumia, akitumie mbele za watu, akijua ni mimi niliyekifuma. Ni jambo dogo, najua. Lilikuwa likiniuma hata hivyo.

Kwa hiyo nilipanga ule mfuko kama watu wanavyopanga harusi. Nilichora umbo lake nyuma ya karatasi za mtihani. Nilichagua nyekundu na nyeusi, rangi za leso anazozipenda, na uzi ukaagizwa Malindi barabara ilipofunguka. Vitanzi nilivihesabu kwa punje za mahindi, moja kwa kila kitanzi, mpaka kuku wa jirani alipoingia akala upande wote wa kushoto nikaanza upya. Joto la Garsen nalo lilikuwa linasaidia kwa njia yake: vidole vikitoa jasho uzi haupiti, unang'ang'ania sindano, na mtu unajikuta unautukana uzi mbele ya watoto wa watu. Mume wangu alipita akauliza kama nafuma wavu wa kambare. Nikaendelea kuhesabu.

Ulipokamilika niliuvaa begani mbele ya kioo. Ulikaa vizuri, chini kidogo ya kwapa. Nikajiona fundi. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba niliupima ukiwa mtupu.

Mtu haendi ukweni mikono mitupu, kwa hiyo niliutia sukari, majani ya chai na sabuni za kipande, nikapanda bodaboda kwenda Hewani. Udongo mweusi wa njia ile ulikuwa bado haujakauka vizuri, tukaruka mashimo njia nzima, na kila tuliporuka mfuko ulikuwa unashuka. Nilipofika uani mikanda ilikuwa imenyooka na sukari inagonga magoti yangu. Nilimkabidhi mavyaa kwa mikono miwili. Akapokea kwa mikono miwili, akatoa sukari, akatoa chai, akatoa sabuni. Nikangoja. Aliukunja mfuko akauweka juu ya mkeka, tukazungumza habari za mahindi na viboko walioyala.

Wakati wa kuondoka akaniletea mfuko wangu umejaa maembe.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Kwetu sote huku mgeni akija na chombo, mwenyeji hakirudishi kitupu. Awe amekileta na unga au na mchuzi, hukitia chochote alicho nacho ndani. Mavyaa alikuwa ameona sukari imekuja na chombo chake, na chombo amekirudisha kwa heshima zote. Ningesemaje? Mkwe hasimami uani kwa mama wa mumewe akamwambia kwamba hakuielewa zawadi. Nikashukuru kwa maembe. Njiani embe lililoiva lilipenya kwenye tundu la mfuko likamdondokea dereva kisiginoni, naye akasimamisha pikipiki kunielewesha anavyoliona jambo hilo.

Nyumbani nilimwomba mume wangu ampigie mama yake simu amweleze. Akasema mambo ya mifuko ni yetu wanawake. Mtu huyo alikuwa na maoni juu ya vifuniko vya chupa.

Nikaufumua chini, nikapunguza urefu, nikakaza vitanzi ili maembe yasipite tena. Nikarudi Hewani na mchele. Ukarudi na ndizi. Nikafupisha mikanda, nikaenda na unga wa ngano. Ukarudi na jogoo mzima, kichwa nje, akinitazama jicho moja njia nzima kama anayejua makosa yangu. Mimi, niliyekuwa nikienda Hewani kwa Krismasi na kwa msiba, sasa dereva wa bodaboda akiniona na ule mfuko haulizi tena naelekea wapi.

Mtu niliyemweleza shida yangu ni mama wa Kiorma anayeniletea maziwa asubuhi. Alicheka mpaka akatua ndoo chini.

"Wewe natia sukari, yeye naona sukari," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Peleka tupu. Atanaona mfuko."

Kwenda ukweni na mfuko mtupu! Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, mwisho nikajikaza kisabuni. Niliufua, nikauanika, nikaukunja ndani ya gazeti kama kitu cha dukani, nikaenda.

Nilikuta uani pamejaa. Wifi yangu alikuwepo, majirani wanawake walikuwepo, wote juu ya mkeka wakisuka. Nikampa mavyaa gazeti. Akalifungua, akautoa mfuko, akatia mkono ndani. Akautoa mkono. Akatia tena, akafika hadi pembeni, akitafuta. Wifi yangu akasogea akachungulia naye. Kisha mavyaa akaugeuza chini juu na kuukung'uta, na kwenye mkeka ikaanguka punje moja ya mahindi.

Sijui ilikuwa imejificha wapi. Wote tuliitazama. Jirani mmoja alikohoa. Niliona kabisa habari ikianza safari: mwalimu wa Garsen amekuja kumtembelea mavyaa na punje ya mahindi.

Mavyaa aliinuka upesi kuliko nilivyopata kumwona. "Nilimwambia aje na mfuko achukue ndizi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. "Amechelewa, zimekaribia kuiva zote." Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akaanza kunijazia ndizi ambazo sikuwa nimeahidiwa. Alikuwa ananisitiri, na nilimpenda sana dakika ile, na nilikuwa na hasira ya kulia.

"Mama," nikasema, "sikuja kuchukua ndizi. Mfuko wenyewe ndio zawadi. Nilikufumia wewe."

Hakuacha kupanga ndizi. "Najua," alisema. "Najua tangu siku ile ya sukari. Nani mwingine huku anavaa nyekundu na nyeusi?"

 Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona kila mara ananirudishia.

Akanyanyua uso. "Kabla ya huu mfuko ulikuwa unakuja lini?"

Nilitaka kutaja Krismasi, nikaona haya.

"Nikiuweka," alisema, "utakuja kufuata nini tena?"

Miaka yote niliyokuwa nangoja asifu kazi yangu, yeye alikuwa anangoja niingie uani. Furaha ilinipanda na aibu pamoja, nikashindwa kuchagua, nikashika upande mmoja wa mkungu nikamsaidia kuingiza ndizi. Yeye akaugeuza mfuko, akautazama mgongoni bila haraka, akapitisha kidole kwenye mshono. Akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, kisha akauvaa begani, na ndizi zote, akatoka nao mbele ya wale wanawake akatembea taratibu kupita mkekani hadi kwenye bodaboda. Mfuko ulikuwa unamgonga magoti. Wifi yangu akauliza kama nitamfumia na yeye.

Nilipokwisha kupanda, mavyaa aliuvua akaniwekea mapajani, akavuta mkanda mmoja.

"Huu umelegea," alisema. "Ukija nao tena uwe umeukaza."

Jana jioni nilikaa mlangoni nikaukaza. Mume wangu, ambaye sasa ni mtaalamu, akaja akauvuta akasema bado umelegea kidogo. Nikamwambia najua.