Tulivyopanga Maksi za Kufaulu Ukunga

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilikuwa mwalimu wa ukunga Kisumu, na kila mtihani ulipoandaliwa niliitwa kwenye kamati ya kupanga maksi za kufaulu. Tulikuwa watano. Kwa kila swali tuliambiwa tuwafikirie wakunga kumi wa kiwango cha chini kabisa ambacho tungekikubali wodini, kisha tuandike wangapi kati yao wangelijibu sawa. Namba zetu zilijumlishwa, na kadiri zilivyokuwa kubwa ndivyo maksi ya kufaulu ilivyopanda.

Mimi nilikuwa na mtu wangu wa kumfikiria. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mama wa watoto watatu kutoka mtaa wa Manyatta, na alikuwa ameanguka mtihani huo mara mbili. Wodini niliiamini mikono yake kuliko yangu. Kwenye karatasi, maswali ya Kiingereza kilichopindapinda yalimshinda.

Siku ya tatu, alasiri, joto limetubana na chai haijaletwa, tulifikia swali la mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Lilikuwa limeandikwa kwa kukanusha mara mbili katika sentensi moja, hata maana ikajificha. Niliandika sita. Metroni aliyekaa mbele yangu aliandika kumi, akasema mkunga asiyejua mambo ya damu ataua mtu. Nilitaka kumwambia kwamba swali lile lilipima Kiingereza. Lakini maswali arobaini yalikuwa bado, na mgongo uliniuma. Nikafuta, nikaandika tisa. Baada ya hapo nikawa nafuta na kupandisha namba hata kabla mtu hajasema neno.

Matokeo yalipotoka, mwanafunzi wangu, aliyekuwa ameufanya kwa mara ya tatu, alikuwa amekosa kufaulu kwa maksi moja. Alikuja ofisini akitaka kujua alikoangukia. Nikamweleza yote, hata kule kufuta.

"Sista, ulikuwa umechoka," akasema. Sikujua kama ananilaumu. Kisha akaomba fomu ya kurudia.

Tukawa tunakutana Jumamosi, namsomea maswali ya zamani, naye anayavunja vipande vipande mpaka yaeleweke. Kamati ilipokaa tena niliomba lile swali liandikwe upya. Metroni alikubali bila ubishi. Ilituchukua dakika tano.

Safari hiyo alifaulu, akapelekwa zahanati moja karibu na Dunga. Siku nilipopata habari sikwenda kumpongeza; bado niliona haya kwa ile tisa. Nilienda wiki iliyofuata, nikakuta foleni ya akina mama imefika nje. Tulisalimiana kwa mkono tu, akarudi kazini.