Bwawa Lililonyolewa kwa Heshima ya Mgeni

Sisi watu wa Karatu tunawaheshimu wanyama kwa kilo. Tembo ni mnyama. Simba ni mnyama, hata akilala chali siku nzima kule kreta, hifadhini, huku magari kumi na tano yamemzunguka. Ndege, ukimwondoa mbuni, ni mdudu aliyebahatika. Kwa hiyo niliporudi Endamarariek na cheti changu cha kuongoza watalii, nikawatangazia ndugu kwamba mimi nitawaongoza wale wanaopenda kuangalia ndege, walinipa pole. Mjomba mmoja aliniuliza kwa upole kama nafasi za simba zilikuwa zimejaa. Tangu utotoni tulichapwa tukizembea kufukuza ndege kwenye mtama, na sasa msomi wa ukoo anarudi kuwaonyesha wazungu ndege walewale, tena kwa kunong'ona.

Shangazi peke yake hakucheka. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na alishazoea mambo yangu. Shamba lake la mahindi na mbaazi linateremka mpaka kwenye bwawa lenye matete marefu kuliko mtu, na huko ndiko nilikokiona kile kiota, masika yalipoanza. Korongo taji wawili, wale wenye ushungi wa dhahabu kichwani, walikuwa wamekanyaga matete katikati ya maji wakatengeneza kitanda, na juu yake mayai matatu. Nilisimama kwenye tope mpaka magotini, nikalia kidogo. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo naweza kukiri.

Sikumwambia mtu. Nawajua watu wangu, nilijiambia. Leo ukitaja kiota, kesho watoto wameshafika, keshokutwa mayai yako sufuriani. Hata shangazi sikumwambia. Nilijiona mwerevu kupita kiasi, na ni vizuri msomaji akilijua hilo mapema.

Wakati huo nilikuwa mapokezi kwenye loji moja mjini, kazi ya kutabasamu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Akaja mgeni, mwalimu mstaafu mwenye darubini shingoni na soksi ndefu, ambaye kreta hakuitaka kabisa. Alitaka kumwona korongo taji akiwa kwenye kiota. Akimwona, alisema, atawaambia wenzake kwenye chama chao cha wapenda ndege, nao watakuja kila masika, na mwongozaji wao nitakuwa mimi. Hivyo ndivyo maisha yangu yote yalivyokuja kukaa juu ya mayai matatu, na korongo hakuwa na habari.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia shangazi, "Jumamosi ninaleta mgeni. Anataka kuangalia bwawa letu."

"Bwawa?" akauliza. "Na nyumbani hafiki?"

"Atafika. Lakini amekuja kwa ajili ya bwawa."

"Basi usiwe na wasiwasi, mwanangu. Tutajiandaa."

Nikarudi mjini nikiwa na amani. Mtu aliyezaliwa na kukulia Endamarariek, aliyeona mkuu wa wilaya akipokelewa, anaambiwa "tutajiandaa" halafu anarudi mjini na amani! Cheti chenyewe kina fremu.

Jumamosi tuliteremka kwa miguu kutoka barabarani, saa moja asubuhi, ukungu bado umelala mabondeni. Mgeni alikuwa akitembea kwa ncha za vidole. Tulimkuta yangeyange kwenye mgongo wa ng'ombe, tukawasikia kwarara wakipiga kelele zao, naye akawaandika wote kwenye kidaftari. Kisha nikaona jiwe jeupe. Mbele yake lingine. Njia nzima ya kwenda bwawani ilikuwa imepangwa mawe pande mbili, yote yamepakwa chokaa.

"Ni desturi?" mgeni akauliza.

"Ni ya zamani sana," nikajibu.

Chini kabisa ilikuwa imejipanga kwaya ya akina mama, na sare zao za kitenge. Walipotuona wakaanza kuimba, sauti nne, na vigelegele. Bata maji wote waliokuwa wamebaki wilayani waliondoka kwa pamoja. Mgeni akawapigia makofi, maana alikuwa mtu mwenye adabu, na mimi nikatazama nyuma yao.

Bwawa lilikuwa limenyolewa. Matete yote yalikuwa yamefyekwa mpaka kwenye maji, yamefungwa mizigo mizigo na kupangwa kando. Ukingo ulikuwa umefagiliwa. Nasema umefagiliwa, mistari ya fagio ilionekana kwenye tope lililokauka. Kulikuwa na benchi la kanisani lenye kitambaa cha kufuma, limeelekezwa majini.

Shangazi alitoka kwenye kwaya, na sare yake, amebeba fyekeo lake bado, uso unang'aa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwambie mgeni tumefanya kazi siku nne. Palikuwa pachafu, asingeona kitu. Sasa ndege akitua tu, anamwona."

Kwa mantiki sikuwa na pa kumkamata. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji wetu alikuwa amepona kabisa, aliyekuwa mahututi ni mimi. Nikamgeukia mgeni nikamwambia kwamba wanamkaribisha sana. Alikuwa hanisikilizi. Alishainua darubini.

Walikuwa ng'ambo, wawili, wamesimama palipokuwa na kiota. Mmoja aliinama, akachokoa tope, akazunguka, akainama tena mahali palepale. Mwenzake alinyoosha shingo akitazama huku na huku. Walifanya hivyo muda mrefu.

"Kuna kitu wanatafuta," mgeni akasema taratibu.

Nilimshika shangazi mkono, nikamuuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kama walikuta chochote kwenye matete.

"Twende jikoni," akasema, tena kwa furaha, kama mtu aliyeficha zawadi.

Jikoni, kando ya mafiga, kulikuwa na tenga lenye majani makavu, na ndani yake kuku mwekundu ambaye alinitazama kwa chuki. Shangazi alimwinua kidogo. Mayai matatu makubwa, yale yale.

"Tuliyakuta Jumatano. Mama yao alikuwa ameruka. Nikasema, maskini, yatapoa. Huyu alikuwa anaatamia, nikamwondolea ya kwake nikampa haya. Anayapenda."

Nikakaa chini kwenye kigoda. Nikamwambia kila kitu: kwamba nilikijua kiota tangu masika yaanze, kwamba mgeni alitoka kwao kwa ajili ya kiota hicho.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulijua," akasema. "Jumapili ulipokuja hapa, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ungesema, tungeanza kufyeka upande ule mwingine. Au tusingefyeka kabisa."

Hakungoja jibu. Aliyabeba mayai kwenye kitenge chake, akateremka bwawani, akawatuma akina mama wafungue mizigo ya matete, akaingia majini na sare ya kwaya mpaka kiunoni. Walipanga matete pale katikati, wakakanyaga kitanda, yeye akayaweka mayai kwa mikono miwili. Korongo walikuwa wamesharuka. Mgeni alivua soksi zake, akasaidia kubeba. Kisha tukajificha sote nyuma ya mbaazi, kwaya nzima, kimya kabisa, kwa utulivu ambao wateja wangu wa baadaye wangejifunza kwao.

Tulikaa mpaka saa kumi. Korongo walipita juu mara mbili, wakilia, hawakutua. Mara ya tatu wakaenda zao upande wa milimani, na mgeni akafunga darubini yake.

Shangazi alisimama, akakamua maji kwenye kitenge.

"Ulidhani tutayala," akaniambia.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Umekula kwangu tangu una miaka minne," akasema. "Uliwahi kuniona nikila vya mtoto wa mwenzangu?"